Ikiisha, Basi

Kila asubuhi, kabla hajafungua hata dirisha, Mama Chumvi alisimama mbele ya kioo kidogo cha bafuni, akamimina dawa ya kusukutua kwenye kifuniko cha chupa, akaitia kinywani akafunga midomo kama mtu anayeficha neno. Akaisukasuka shavuni kulia, akaisukasuka shavuni kushoto, akainua kichwa ikamchemka kooni mpaka machozi yakamlengalenga. Akaitema. Ndipo akachovya kidole kwenye kibakuli cha chumvi alichokiweka pale juu ya beseni, karibu na mswaki, akaweka punje mbili tatu ulimini, akangoja.

Hakuna kitu. Ilikuwa kama kulamba sahani iliyooshwa.

Akaongeza. Akajaza chumvi kiasi ambacho mtu mwingine angekunja uso mpaka masikio yaguse mabega. Ulimi ulihisi mchanga tu, mchanga unaoyeyuka, na nyuma yake uchungu kidogo kama wa ufunguo uliowekwa mdomoni. Akakenua meno kiooni, akayaona. Meno yake, ambayo tangu azaliwe hayakujua sigara wala tumbaku, yalikuwa yamefanya ukoko wa kahawia kwenye ufizi, kama kikombe cha chai kisichosuguliwa. Ulimi nao ulikuwa umeingia weusi katikati.

"Ee Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo, "isiwe na mimi tena."

Maana marehemu mumewe alianza hivyo hivyo. Alikuwa fundi saa, mtu mtaratibu, mlaji wa kiasi. Siku moja akasukuma sahani kidogo akasema, "Mke wangu, leo umesahau chumvi." Hakuwa amesahau. Kesho yake akasema tena, na keshokutwa. Wakacheka, wakagombana kidogo, akamwongezea, akamwongezea. Walipofika hospitali, uvimbe ulikuwa umeshajijengea nyumba kooni. Mwaka haukuisha, fundi saa akawa mtu wa kutajwa kwenye sala.

Basi Mama Chumvi alijua, au alidhani anajua, kilichokuwa kinamjia. Hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakumwona fundi saa akijaribu kumeza uji. Silaha aliyokuwa nayo ilikuwa ile chupa. Alipong'olewa gego la chini, daktari wa meno alimpa dawa hiyo ya kusukutua, na chupa ya kwanza ilipokwisha alinunua ya pili, kwa sababu ndivyo alivyoyaelewa maneno ya daktari. Ya pili ikafuatwa na ya tatu. Ladha ilipoanza kumkimbia, akazidisha kusukutua: asubuhi, mchana kwa kujificha chooni kazini, jioni, na akiamka kwenda haja. Kama kuna uchafu umeingia humu, alijiambia, nitauosha mpaka uhame wenyewe.

Akafunika chupa, akavaa gauni lake la kazi, akaenda zake akiwa na hofu kifuani kama mtu aliyebeba yai bichi.

Kazi yake ilikuwa upishi katika nyumba ya wazee. Palikuwa na mabweni mawili yanayotazamana, ukumbi wa kulia, na jiko kubwa lenye vigae vyeupe lililonukia vitunguu hata siku ambayo havikukaangwa. Wazee wa pale ni watu waliokula chumvi nyingi, kama wasemavyo watu, na sasa nusu yao walikuwa wamekatazwa hata punje, kwa ajili ya mioyo yao, figo zao na presha zao. Kwa hiyo kila siku zilipikwa sufuria mbili za chakula kile kile. Moja ilitiwa chumvi. Ya pili haikutiwa, na jikoni waliiita bubu.

"Bubu imeiva?"

"Bubu bado, viazi vigumu."

Ndivyo walivyosemezana. Sufuria zenyewe zilikuwa pacha, zilinunuliwa siku moja duka moja, hata kubonyea zilibonyea mahali pamoja. Hazikuwa na alama, na sababu ya kukosa alama ilikuwa Mama Chumvi mwenyewe. Msaidizi wake, mwanamume wa makamo waliyemwita Bwana Taratibu, maana hata kitunguu alikimenya kama anayemvua nguo mgonjwa, aliwahi kushauri kwamba moja ifungwe kitambaa kwenye mkono.

"Kitambaa cha nini?" Mama Chumvi alimjibu siku hizo. "Kwani ulimi wangu umekufa?"

Wakacheka jiko zima. Na kweli alikuwa na haki ya kujivuna. Jina la Mama Chumvi alipewa na wazee kwa kuwa chumvi yake haikupelea wala kuzidi, miaka na miaka. Aliweka sheria kwamba jikoni mwake mdomo wa kuonja ni mmoja. Chakula kikiiva, alidondosha tone la mchuzi kwenye kiganja, akalamba, akaonyesha kwa mwiko: "Hii bweni hili, ile bweni lile." Mkokoteni wa chakula ukaondoka. Hakuna aliyeuliza.

Sasa alikuwa bado anadondosha, bado analamba, bado anaonyesha kwa mwiko. Lakini alikuwa anaonyesha kwa kukumbuka tu ni ipi aliyoitia, na jiko lile lilikuwa na moto usiolingana, hivyo sufuria zilihamishwahamishwa kama watoto kwenye kiti cha wageni.

"Mama," Bwana Taratibu alimwambia siku moja akiosha mchele, "kuna wazee wanasema chumvi imezidi siku hizi."

"Wanatia chumvi tu."

"Ndiyo hiyo wanayolalamikia."

Alicheka mwenyewe kwa utani wake, polepole, kicheko kikichelewa kama kila kitu chake. Mama Chumvi naye alicheka.

Jioni hiyo alipita bwenini na birika la chai. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Babu Redio, mzee aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuzimwa. Alisema tangu alfajiri mpaka dawa ya usingizi impate. Moyo wake ulikuwa umechoka, akawa wa kwanza katika orodha ya bubu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Sogea. Sogea karibu, leo redio inatangaza kwa sauti ya chini."

Akainama. Mzee akamshika kifundo cha mkono, macho yakimcheka.

"Mungu akuongezee," akanong'ona. "Ile supu ya leo. Na ile mboga ya juzi. Nilijua tu kwamba kuna siku mtu mwenye huruma atanitupia kidogo. Usiogope, sisemi kwa mtu. Sista akiniuliza, mimi ni bubu na supu yangu ni bubu."

Mama Chumvi aliliweka birika chini. "Nimekutupia nini, babu?"

"Ah! Chumvi, mama! Ladha! Miaka miwili nakula karatasi iliyochemshwa. Siku hizi naamka nina hamu."

Alijilazimisha kutabasamu. Ndipo macho yake yakateremka yakafika miguuni. Ndara za mzee zilikuwa sakafuni peke yake, hazikuwa zinamwingia. Miguu ilikuwa imejaa, inang'aa, kama unga ulioumuka usiku kucha.

"Babu, miguu hii vipi?"

"Uzee. Sista anasema ni moyo. Ameniongezea vidonge." Akajibonyeza kwa kidole kama mtu anayeonyesha mchezo. Kidole kilipotoka, shimo likabaki pale, halikujaa. "Unaona? Unaweza kupanda mahindi humu."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mzee.

Alirudi nyumbani hajui amepita njia gani. Aliketi kitandani na mkoba begani. Hapo mwanzo hofu yake ilikuwa moja, ya koo lake. Sasa zilikuwa mbili na zilishikana mikono. Akisema ukweli, Sista atamwuliza ulimi una nini, atapelekwa hospitali, na hospitali watalitamka lile neno walilomtamkia fundi saa. Na kazi, mpishi asiye na ulimi ni mpishi wa nini? Ni kama mlinzi kipofu. Akinyamaza, basi yule mzee anayemwombea dua ataendelea kujazwa maji miguuni, kisha tumboni, kisha kifuani, na atakufa akimshukuru.

Akapiga magoti akasali, lakini sala haikupanda; aliisikia inarudi kama mpira uliopigwa ukutani. Alipoinuka alikwenda bafuni, akasukutua. Akasukutua tena. Mdomo ukamuwasha kama pilipili, na bado akamimina.

Asubuhi aliamua jambo. Hatasema, lakini atalinda. Chumvi ataitia mwenyewe dakika ya mwisho, sufuria ikiwa mbele ya macho yake, na hataiacha mpaka mkokoteni uondoke. Kwa namna hiyo hapatakuwa na kukosea, na siri itakaa pale ilipo. Ulikuwa mpango mzuri, na mipango mizuri ndiyo inayopendwa na shetani.

Siku hiyo ilikuwa supu ya viazi na karoti. Sufuria zote mbili zilichemka pamoja, nyeupe kwa nyeupe, mvuke kwa mvuke. Mama Chumvi alisimama katikati yake na kopo la chumvi kwapani kama polisi mwenye rungu.

"Leo tumehamia jeshini?" Bwana Taratibu akauliza.

"Kata karoti zako."

Mara Sista akachungulia mlangoni. Ndiye muuguzi mkuu na ndiye msimamizi wa nyumba, mwanamke mwembamba mwenye viatu visivyotoa sauti, mdogo kwa Mama Chumvi kwa umri lakini mkubwa kwa kila kitu kingine pale. "Mama, njoo uone viazi walivyoleta. Nusu ya gunia imeoza. Sitaki kupokea kabla hujavitazama."

"Nakuja, Sista. Dakika moja."

"Gari linangoja."

Angesema nini? Aliliweka kopo juu ya meza. "Usiguse kitu," akamwambia Bwana Taratibu, akatoka.

Viazi vilikuwa vimeoza kweli, na mwenye gari alikuwa mbishi, anageuzageuza kiazi kibovu mkononi akisema kimepigwa na jua tu. Maneno yakawa marefu. Aliporudi jikoni, alikuta moto mmoja umezimika na sufuria zimekaa kwingine kabisa, na Bwana Taratibu anafuta mikono kwa furaha ya mtu aliyejituma.

"Gesi ya pale nyuma ilikata, nikahamisha. Na nimeona muda unakwenda nikakusaidia, nimetia chumvi."

Mama Chumvi alizitazama sufuria. "Nilikwambia usiguse."

"Mama, kengele karibu ilie."

"Umetia ipi?"

"Hiyo." Akanyoosha kidole. Kidole kikasita hewani. "Ngoja. Ilikuwa pale nyuma. Nilitia kwanza ndipo nikahamisha... au nilihamisha ndipo nikatia?"

"Bwana wee!"

"Taratibu, mama. Haraka haina baraka. Onja tu, si una ulimi? Mimi ni nani mbele ya ulimi huo?"

Kengele ikalia. Watu wa mkokoteni wakaingia na bakuli zao zikigongana. Mama Chumvi akachukua mwiko. Akadondosha tone kutoka sufuria ya kwanza kiganjani, akalamba. Moto tu. Akadondosha kutoka ya pili. Moto tu. Akarudia ya kwanza, akaugandamiza ulimi kwenye kaakaa, akatafuta, akatafuta kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Walikuwa wanamtazama wote. Wangemtazama mpaka lini?

"Hii," akasema, akaonyesha kwa mwiko. "Hii ndiyo bubu."

Hakujua. Alijisikia anavyosema, sauti nzima isiyo na doa, sauti ya miaka yote ile.

Wakapakua. Mkokoteni ukatoka, gurudumu lake moja likilia kama panya. Alilisikia likiingia kwenye korido, likipita mlango wa ukumbi, likikata kona ya kwenda bweni la wagonjwa wa moyo. Bwana Taratibu alikuwa anamweleza jambo kuhusu gesi. Aliona midomo yake inacheza, hakusikia neno. Alichoona ni lile shimo kwenye mguu wa mzee, halijai.

Mwiko ukamwanguka. Akakimbia.

Mama wa umri wake, mwenye kiuno chake, hakuwahi kuonekana akikimbia katika nyumba ile. Ndara moja ilibaki njiani. Alipoingia bwenini bakuli zilikuwa zimeshagawiwa upande wa dirisha, na Babu Redio alikuwa na kijiko kimejaa, anakipulizia, anasogeza mdomo.

"Babu, usile!"

Mzee alishtuka, supu ikamwagika kwenye blanketi. "Kuna nini? Imeingia mjusi?"

"Msile! Nyie wote, wekeni vijiko chini!"

Sista alikuwa tayari amesimama katikati ya vitanda. Viatu vile havikumtangaza. "Mama Chumvi. Kuna nini?"

"Sijui."

"Hujui nini?"

Pumzi zilimkata. Aliegemea chuma cha kitanda. "Sijui kama ina chumvi."

Mmoja wa wazee akacheka. Mama Chumvi hajui chumvi! Mwingine akacheka, kisha wakamwona uso, vicheko vikafa mmoja mmoja. Sista akachukua kijiko safi mfukoni mwa koti lake, akachota kwenye bakuli la babu, akaonja. Akameza polepole.

"Ina chumvi," akasema. "Na si haba."

"Basi ndiyo ile niliyokuwa..." Mama Chumvi hakumaliza. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha mzee, jambo ambalo wahudumu walikatazwa. "Sista, sina ulimi. Naonja sioni kitu. Nimekuwa nakisia. Jana pia. Na juzi. Wamekuwa wanakula chumvi hawa, wanakula kwa mkono wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu chupa ya... muda, Sista. Muda."

Sista alimtazama mama, akaitazama miguu iliyojaa, na uso wake ukabadilika rangi. "Nami namwongezea vidonge kila siku," akasema kwa sauti ya chini, "nikidhani moyo wake ndio unaokata tamaa."

Babu Redio, kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale, alikuwa kimya.

Bakuli zikarudishwa. Wazee walikula mkate na chai. Daktari wa nyumba akaitwa, akamchoma Babu Redio sindano ya kutoa maji mwilini, akapita kwa wengine akiwabonyeza miguu na kuwasikiliza vifua. Mama Chumvi aliketi kwenye benchi la korido na ndara yake moja mkononi, akihesabu makosa yake. Kila mlango ulipofunguliwa alidhani wanatoka kumwambia kwamba mzee amekwenda.

Aliyetoka ni Sista. "Amekojoa kama punda," akasema. "Anapumua vizuri. Umemwahi." Kisha akakaza uso tena. "Fungua kinywa."

"Sista?"

"Fungua."

Akafungua, akafumba macho, kama mtoto anayengoja kofi.

"Unavuta sigara wewe?"

"Mimi? Mungu apishe mbali!"

"Meno haya yamepakwa nini? Unatumia kitu gani?"

"Dawa ya kusukutua tu. Niliyopewa na daktari wa meno."

"Nenda kwake sasa hivi. Na mama, nisikie vizuri: usipokwenda, hapa usirudi. Sikufukuzi kwa ajili ya ulimi. Nitakufukuza kwa ajili ya kunyamaza."

Kwa daktari wa meno palikuwa na viti vya plastiki na picha ya jino kubwa linalotabasamu. Mama Chumvi alilitazama lile jino akalichukia. Alikuwa ameshajipangia yote: nani atapewa vyombo vyake, nani atalipa deni la sala alizoahidi, nani atakaa na saa za marehemu. Alipoitwa, aliinuka kama anaitwa na wale wasiorudisha mtu.

"Fungua. Zaidi. Sema aa."

Taa ikamwingia kooni. Kioo kidogo kikatembea kwenye mashavu, chini ya ulimi, nyuma ya meno. Vidole vikamkandakanda chini ya taya, shingoni, polepole. Mama Chumvi alimkazia macho juu ya ile barakoa, kwa maana macho ya daktari husema kabla ya mdomo. Ya yule wa fundi saa yalisema mapema sana.

Daktari akaketi nyuma. "Mama, ile dawa bado unaitumia?"

"Sijakosa hata siku moja, daktari. Hata mchana naongeza."

"Mchana unaongeza." Akajifuta paji la uso. "Siku ile nilikwambiaje?"

"Ulisema asubuhi na jioni. Nisimeze. Ukasema, chupa ikiisha, basi..."

"Basi nini?"

"Basi, ndipo akaingia yule mgonjwa aliyevimba shavu, analia. Hukumalizia. Nikamalizia mwenyewe. Nikanunua nyingine."

"Mama yangu, nilimalizia. Chupa ikiisha, basi. Basi! Acha. Imekwisha. Nukta."

Mama Chumvi aliyageuza maneno yale kinywani kama yanayohitaji kusukutuliwa. "Ile ilikuwa basi ya kukoma?"

"Ya kukoma."

"Mimi nilidhani ni basi ya kuendelea."

Daktari alitaka kucheka, akaona mikono ya mama imeng'ang'ania kiti, akaacha. Akamweleza kwa maneno mepesi kwamba dawa ile ni kali, ni ya muda mfupi, ya kulinda kidonda. Ukiitumia miezi, hupaka meno rangi na huuvuruga ulimi, na kitu cha kwanza ulimi unachopoteza aghalabu ni chumvi. Kwa kila siku mswaki na dawa ya meno vinatosha, asubuhi na kabla ya kulala. Anayependa kusukutua zipo dawa nyepesi, lakini kwa sasa na hizo aziache.

"Na koo?" Ilimtoka kwa kishindo. "Koo umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Tazama tena, daktari. Nakuomba. Marehemu mume wangu..." Akamwambia.

Daktari akawasha taa, akatazama tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. "Sioni uvimbe, sioni kidonda, na shingo iko sawa. Acha dawa. Ladha itarudi polepole, si leo wala kesho. Mwezi ukiisha haijarudi, njoo. Hapo sitasema basi, nitasema njoo, tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Akamsugua ule ukoko wa meno mpaka kichwa kikamvuma, akamwacha aende.

Ungedhani hofu ingebaki pale kwenye kiti. Haikubaki. Alimwaga chupa iliyosalia kwenye sinki siku hiyo hiyo, akasimama anaitazama inavyoshuka, lakini siku zilizofuata chakula kilikuwa bado karatasi. Alilala anajipapasa shingo. Fundi saa naye mwanzoni, zahanati, aliambiwa ni mafua. Daktari ni mtu, na mtu hukosea. Si alikuwa na haraka siku ile ya shavu lililovimba? Akawa anaamka anatamani kusukutua, mkono unakwenda wenyewe mahali chupa ilipokuwa, unarudi mtupu.

Kazini Sista hakumfukuza, ila alimwondoa kwenye chumvi. Akapewa viazi na vitunguu, kisu na ndoo. Aliyeonja sasa ni Bwana Taratibu, kijiko kizima, macho juu darini, muda ambao mwingine angeshapika chai.

"Mbona unaonja kama unasoma barua?" Mama Chumvi alimwambia.

"Natafuta ulichokuwa unakiona wewe."

Mama Chumvi alichukua kiazi kingine. Alimenya.

Babu Redio naye miguu ilinywea, ndara zikamwingia, na kadiri miguu ilivyopungua hasira iliongezeka. Siku moja akagoma kabisa. Aliitwa Sista, akagoma mbele ya Sista. Akasema atakula mkononi mwa yule aliyemsaliti, na si kwingine. Mama Chumvi akavua aproni ya viazi, akabeba bakuli mwenyewe.

"Kula, babu."

"Sili."

"Kula, utadhoofika."

"Wewe ulinipa pepo ukaninyang'anya kijiko mdomoni. Onja kwanza uone wanachonilisha. Onja! Mbona unaogopa?"

Aliogopa kweli. Tangu siku ile hakuwa ameonja kitu mbele ya watu. Alikuwa anakula peke yake, haraka, akitazama ukuta, ili asijue. Mzee alikuwa amekunja mikono. Vitanda vya jirani viligeuza vichwa. Akachukua kijiko, akakishusha kwenye bakuli, akakipeleka mdomoni, akafumba macho.

Joto. Kiazi kilichoiva vizuri, kinavunjika. Utamu wa karoti, mbali, kama sauti chumba cha pili. Na baada ya hapo, pengo. Palikuwa na mahali panapongoja kitu, na kitu hakikuja. Majuma yote yale alikula chakula kisicho na pengo kwa kuwa hakikuwa na chochote. Akachota tena. Pengo lilikuwa pale pale.

"Babu," akasema. "Hii imepooza."

"Ndiyo!"

"Haina chumvi hata kidogo!"

"Ndicho ninachosema tangu wiki iliyopita! Hamnisikii!"

"Haina! Haina kabisa! Hata ya dawa!" Alikuwa anapiga kelele, machozi yanamtiririka, na kijiko kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi. Sista alitokea mlangoni bila sauti, akasimama pale pale.

"Sasa unalia nini?" Babu Redio akauliza. "Anayekula kila siku ni mimi." Akanyoosha mkono akalishika bakuli. "Na lete hapa, utanimalizia."